Nguvu ya Injini Katika Milima ya Embu na Meru

Kila msafiri aliyepata kwenda kutoka Embu mpaka Meru ajua kwamba njia ile haikai tambarare kwa muda mrefu. Mito itokayo Mlima Kenya, kama Thuci, Nithi na Mutonga, imechimba mabonde yenye kina ikielekea mto Tana, na barabara huikata mito hiyo mmoja baada ya mwingine. Gari hushuka mpaka darajani, huvuka, hupanda ng'ambo ya pili. Na kabla abiria hajatulia kitini, laanza kushuka bonde jingine.

Katika kila mwinuko twasikia sauti ya injini ikibadilika. Mara yanguruma kwa wepesi, mara yakoroma kama mtu aliyebebeshwa gunia zito. Lori moja laupita mwinuko bila shida. Jingine la namna ile ile, lenye mzigo ule ule, latetemeka, lazimika katikati ya njia, na taniboi aruka upesi kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Kwa nini iwe hivyo, ikiwa injini ni sawa na mzigo ni sawa?

Watu wengi hujibu kwamba dereva wa kwanza ametumia gia ya chini, na gia ya chini ndiyo yenye nguvu. Jibu hilo si la uongo, bali ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba injini yenyewe haina nguvu ile ile wakati wote. Nguvu yake huongezeka na kupungua kwa kadiri inavyozunguka upesi au polepole. Dereva asiyejua jambo hili huharibu injini katika kupanda, na pengine huhatarisha maisha ya watu katika kushuka.

Miaka michache iliyopita nilipata nafasi ya kusafiri katika lori lililobeba ndizi kutoka Nkubu. Dereva alikuwa mzee aliyeifahamu njia ile tangu ujana wake. Tulipovuka daraja moja na kuanza kupanda, lori likiwa bado laenda vizuri, nilimwona akishusha gia. Nikamwuliza, "Mzee, mbona wapunguza gia na gari bado lina mbio?"

Akacheka, akasema, "Mwanangu, ukingoja injini ilie ndipo uisaidie, umekwisha kuchelewa. Mkulima hangoji mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta jembe."

Maneno yale niliyaweka moyoni, na baadaye nikayatafutia maana vitabuni na kwa mafundi. Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji niliyoyapata, kwa kuwa siku hizi wakulima wengi hukodi malori ya kuchukulia mazao yao, na wengine wamenunua magari yao wenyewe.

NGUVU YA KUSOKOTA

Kwanza yatupasa kujua ni nguvu gani tunayoizungumza. Fundi anapofungua nati ya gurudumu kwa spana, huisokota nati. Akitumia spana fupi hutoka jasho. Akitumia ndefu, nati hulegea kwa urahisi. Kwa hiyo nguvu ya kusokota ni mambo mawili yaliyounganishwa: uzito wa mkono unaosukuma, na urefu wa spana. Mtu akisukuma kwa uzito wa ratili 80 kwenye ncha ya spana yenye urefu wa futi moja, twasema nguvu yake ya kusokota ni ratili-futi 80. Vitabu vya siku hizi hutumia kipimo cha nyutoni-mita, na ratili-futi 80 ni karibu na nyutoni-mita 108.

Injini nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Petroli au dizeli inapowaka ndani ya silinda, hewa yenye moto huisukuma pistoni, na pistoni huusokota mtaimbo mkuu wa injini. Msokoto huo ndio unaopita katika klachi, gia na ekseli mpaka kwenye magurudumu.

Lakini kusokota peke yake si kazi. Mtu aweza kuikaza spana asubuhi mpaka jioni, na nati isipogeuka hakuna kilichofanyika. Kazi hupatikana nati inapogeuka, na kadiri inavyogeuka upesi ndivyo kazi inavyokuwa nyingi katika dakika moja. Mhandisi James Watt wa Uingereza, aliyeishi tangu 1736 hata 1819, aliweka kipimo cha kazi hiyo akakiita nguvu ya farasi. Nguvu ya farasi moja ni kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja.

Basi msomaji na azikumbuke nguvu hizi mbili, maana watu huzichanganya kila siku. Nguvu ya kusokota ni ukali wa msukumo. Nguvu ya farasi ni wingi wa kazi kwa dakika.

MFANO WA LAND ROVER

Tuchukue mfano wa gari ambalo wazee wetu walilifahamu sana. Land Rover ya kwanza ilioneshwa mjini Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948, na katika miaka ya 1950 magari hayo yalitumiwa sana na polisi na maofisa wa serikali katika Kenya. Injini yake ya petroli ilikuwa ya lita 1.6. Waliolitengeneza waliandika kwamba nguvu yake kubwa ya kusokota ilikuwa ratili-futi 80, nayo ilipatikana injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Na nguvu yake kubwa ya farasi ilikuwa 50, nayo ilipatikana kwa mizunguko 4,000.

Karani yeyote aweza kuzipiga hesabu hizi mwenyewe. Ncha ya spana ya futi moja, ikizunguka mara moja, huenda futi 6.28. Kwa hiyo ratili 80 katika mzunguko mmoja ni kazi ya ratili-futi 502 na zaidi kidogo. Zidisha kwa mizunguko 2,000, utapata zaidi kidogo ya 1,000,000. Gawanya kwa 33,000, utapata nguvu ya farasi 30 na nusu.

Sasa tuhesabu kwa mizunguko 4,000, tukianza na nguvu ya farasi 50. Zidisha 50 kwa 33,000, gawanya kwa 4,000, kisha gawanya kwa 6.28. Utaona kwamba msokoto uliobaki ni kama ratili-futi 66 tu.

Je, mmeona ajabu hiyo? Injini imeongeza mwendo mara mbili, na kazi yake kwa dakika imeongezeka toka nguvu ya farasi 30 mpaka 50. Lakini msukumo wake katika kila mzunguko umepungua toka 80 mpaka 66. Ni kama mwanamume achimbaye kwa haraka: kila pigo la jembe ni jepesi kuliko la mwanzo, lakini mapigo ni mengi, hivyo jioni shamba kubwa zaidi limelimwa.

KWA NINI MSOKOTO HUBADILIKA

Sababu kubwa ni pumzi. Injini huishi kwa hewa kama sisi. Kila pistoni inaposhuka huvuta hewa, na kadiri silinda inavyojaa ndivyo mafuta mengi yanavyoweza kuungua vizuri, na ndivyo pistoni inavyosukumwa kwa nguvu.

Injini ikizunguka polepole mno, hewa huingia kwa ulegevu na haichanganyiki vema na petroli. Vali zake zimepangwa kufunguka na kufungwa kwa kufuata mwendo wa kati, hivyo katika mwendo mdogo sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia husukumwa kurudi nje. Tena moto hupata muda mrefu wa kupoteza joto lake katika kuta za silinda, na hewa yenye nguvu hupata muda wa kupenya kando ya ringi za pistoni.

Injini ikizunguka upesi mno, shida huwa nyingine. Vali hufunguka kwa muda mfupi sana, hata silinda haiwahi kujaa kabla mlango haujafungwa. Wakati huo huo msuguano wa vyuma umeongezeka, na sehemu ya nguvu huliwa na injini yenyewe.

Katikati ya hali hizo mbili pana mwendo ambao silinda hujaa vizuri kuliko mwendo mwingine wowote. Hapo ndipo msokoto unapofika kipeo chake. Katika Land Rover ile kipeo kilikuwa mizunguko 2,000. Katika motokaa nyingi ndogo za petroli za siku hizi, kipeo huwa karibu na mizunguko 4,000 au zaidi. Malori ya dizeli hukipata chini zaidi. Na yale yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusindilia hewa ndani ya silinda, huweza kuushika msokoto mkubwa tangu mizunguko 1,500 hivi, bila kupungua kwa nafasi ndefu.

Wenyeji wa nchi ya milima wana jambo moja zaidi la kukumbuka. Miji ya Embu na Meru iko zaidi ya futi 4,000 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kama sehemu 3 katika kila 100 kwa kila futi 1,000 za kupanda. Kwa hiyo mahali penye futi 5,000 imekwisha kupoteza kama sehemu 15 katika 100, nayo haina ubovu wowote.

SIRI YA KUPANDA MLIMA

Sasa twaweza kuyaelewa maneno ya yule mzee. Tuseme lori lapanda, na injini yake yazunguka upesi kuliko kipeo cha msokoto. Mwinuko unapozidi, injini hupungua mwendo. Lakini kwa kuwa iko juu ya kipeo, kupungua mwendo huifanya iongeze msokoto! Mlima unapovuta, injini nayo hujibu kwa kuvuta zaidi, na lori hushika mwendo.

Tuseme sasa lori jingine lapanda na injini yake imekwisha kushuka chini ya kipeo. Mwinuko ukizidi, injini hupungua mwendo; ikipungua mwendo, msokoto nao hupungua; msokoto ukipungua, mwendo hupungua tena. Ni kama mtu aliyeteleza kwenye tope la mteremko: kila hatua yamshusha zaidi. Baada ya muda mfupi lori hutetemeka na kuzimika. Kulikanyagia mafuta hakusaidii, maana silinda haina pumzi ya kuyaunguza. Katika injini nyingi za dizeli mafuta hayo hutoka kuwa moshi mweusi, na katika injini za petroli husikika mlio wa kugonga unaoumiza pistoni na beringi.

Ndiyo maana dereva mwema hubadili gia wakati injini ingali juu ya kipeo. Akishusha gia, injini huruhusiwa kuzunguka upesi ingawa magurudumu yaenda polepole, na gia yenyewe huuzidisha msokoto. Kama gia yaifanya injini izunguke mara 3 ili upande wa pili uzunguke mara 1, msokoto wa ratili-futi 80 hutoka huko ukiwa karibu 240, ukitoa kidogo kinachopotea kwa msuguano. Gia haitengenezi nguvu mpya. Hubadilishana mwendo kwa msukumo, kama vile spana ndefu inavyokufanya uzungushe mkono mbali zaidi.

Lakini asidhani mtu kwamba inafaa kuizungusha injini mpaka mwisho wa saa yake ya mizunguko. Huko msokoto umepungua, petroli yaliwa bure, na vyuma vyachakaa. Dereva asikilize sauti. Injini ikikoroma na kutetemeka, yaomba gia ya chini. Ikipiga kelele kali wala gari halizidi mwendo, yaomba gia ya juu.

KUSHUKA NI KUGUMU KULIKO KUPANDA

Hapa ndipo penye jambo kubwa zaidi. Gari likizimika katika kupanda, hasara mara nyingi ni aibu na wakati uliopotea. Likishindwa kuzuilika katika kushuka, hasara ni maiti.

Lori lenye uzito wa tani 10 likishuka bonde la kina cha futi 300, uzito wake hutoa nguvu ambayo lazima iende mahali fulani. Dereva akiizuia kwa breki peke yake, nguvu yote hiyo hugeuka kuwa joto, nalo ni joto la kutosha kuchemsha maji baridi zaidi ya lita 25, yaani debe zima na zaidi. Joto hilo lote huingia katika vyuma vichache vilivyomo ndani ya magurudumu. Breki zikipata moto kupita kiasi, bitana zake hupoteza mshiko. Na mafuta ya breki yakichemka, pedali huzama chini bila kuzuia kitu. Breki zilizokuwa nzima juu ya mlima zaweza kuwa hazifai kitu chini yake.

Msaada uko katika injini ile ile. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta na gari likiwa ndani ya gia ya chini, magurudumu hulazimishwa kuizungusha injini, na injini hukataa kwa msuguano wake na kwa taabu ya kuvuta na kusindika hewa. Sasa msokoto umegeuka kuwa wa kuzuia. Kadiri gia inavyokuwa ya chini, ndivyo injini inavyozungushwa upesi na ndivyo inavyozuia zaidi. Kanuni ya madereva wa zamani ilikuwa hii: teremka kwa gia ambayo ungeitumia kuupandia mlima ule ule, au hata ya chini zaidi kama umebeba mzigo mzito. Gia hiyo ichaguliwe juu, kabla mteremko haujaanza. Maana gari likisha kupata mbio, huenda gia ikakataa kuingia, na dereva akabaki bila gia wala breki.

Wako madereva ambao huondoa gia kabisa katika mteremko wakidhani wanaokoa mafuta. Hilo ni kosa mara mbili. Kwanza, wameutupa msaada wa injini. Pili, katika magari ya siku hizi ambayo mafuta hupimwa kwa vyombo vya umeme, gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, injini hukatiwa mafuta kabisa; bali likiwa nje ya gia, injini huendelea kuyanywa ili isizimike. Mwenye kutafuta akiba hapo hupata hasara.

Jioni ya tarehe 24 Julai, 2022, basi moja lililokuwa likielekea Mombasa lilitoka barabarani karibu na daraja la Nithi likaanguka bondeni, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Habari za siku zile zilisema kwamba huenda breki zilishindwa. Mimi si hakimu, wala sisemi kwamba dereva yule alikosa. Mteremko ule ni mkali na una kona, na hata mtu stadi aweza kupatwa. Nalitaja jambo hili ili msomaji ajue kwamba mambo ya gia na msokoto si ya mafundi peke yao, na kwamba wenyeji wa Chuka na wa Chogoria hawalitamki jina la daraja hilo bila huzuni.

SHAURI KWA WASOMAJI

Mwenye kununua lori asiulize nguvu ya farasi peke yake. Aulize pia msokoto wake mkubwa ni kiasi gani, na wapatikana kwa mizunguko mingapi. Kwa njia za mabonde kama zetu, injini inayoushika msokoto wake tangu mwendo mdogo humpunguzia dereva kazi ya kubadili gia kila mara.

Mwenye kukodi lori la kuchukulia mazao asiongeze magunia kupita kipimo kwa kutaka kuokoa safari moja. Gunia la ziada hulipwa mara mbili: injini hulilipa katika kupanda, na breki hulilipa katika kushuka.

Naye abiria asione haya kusema. Mkifika ukingo wa bonde na umeona dereva ameondoa gia ili gari lijiendee lenyewe, mwambie kwa adabu, "Ndugu dereva, tafadhali tushuke ndani ya gia." Ni maneno machache. Watu husema ajali haina kinga, na huenda ni kweli kwa ajali nyingine. Lakini katika miteremko ya Embu na Meru kinga mojawapo iko mkononi mwa dereva, nayo yatakiwa kushikwa kabla gari halijaanza kuteremka.